Sista Aliyekuja Kukunja Mashuka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi; Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu; Daktari Mkuu; Matroni; wakuu wa idara zote; mume, watoto na wajukuu wa mstaafu wetu; ndugu wageni waalikwa; na nyinyi wafanyakazi wenzangu, wa juu na wa chini. Nikisema juu na chini sina ubaya na mtu. Nazungumzia ngazi tu. Wodi ziko juu, chumba cha kufulia kiko chini kabisa, karibu na mabomba, na sisi tunaofanya kazi kule tumezoea kusikia nyayo zenu kabla ya kuona nyuso zenu.

Kwenye ratiba mliyopewa mlangoni pameandikwa, "Neno kutoka kwa wafanyakazi." Najua wengi mlitegemea kumwona daktari hapa, au angalau mtu mwenye koti jeupe. Nami nilishangaa. Sista aliponifuata wiki mbili zilizopita na kuniambia kwamba yeye mwenyewe ameomba niseme mimi, nilimjibu, "Sista, mimi kwa miaka ishirini na tano naongea na mashine." Akacheka, akasema, "Ndiyo maana nimekuchagua. Umezoea kuongea bila kukatizwa." Basi leo nitaongea, na msinikatize.

Ndugu zangu, Sista huyu tunayemuaga ameongoza kliniki yetu ya chanjo kwa miaka kumi na tisa. Wengine watasoma takwimu zake, na ni takwimu za kujivunia. Mimi nataka kuwasimulia jambo moja tu lililotokea miaka saba iliyopita, kwa sababu nilikuwemo, na kwa sababu ndani yake mimi sikuwa shujaa hata kidogo.

Mwaka ule lilitoka tangazo. Liliwekwa kwenye ubao pale karibu na dirisha la kuchukulia dawa, limegongwa muhuri, limetiwa saini. Nalikumbuka neno kwa neno: "Watumishi wote, yaani madaktari, wauguzi, wakunga, wataalamu wa maabara na wengineo, wanatakiwa kufika kliniki ili kupata chanjo ya homa ya ini. Atakayekaidi atachukuliwa hatua." Nililisoma nikiwa na toroli la mashuka machafu mkononi. Nikalisoma tena nikijitafuta. Sikujiona. Kisha nikagundua kwamba nimo: mimi ndiye "wengineo."

Nilirudi chini nikawaambia wenzangu kumi, "Jamani, wametuita wengineo, na wametutishia hatua. Mimi siendi." Nao, kwa kuwa mimi ndiye mkuu wao, hawakuenda. Kumbe juu nako mambo yalikuwa yale yale! Miezi miwili ilipita. Hospitali hii ilikuwa na watumishi kama mia tatu, na waliofika kliniki walikuwa sitini na wanne. Sitini na wanne, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndani ya hospitali! Je, watu hawakujua? Nani katika jengo hili hakujua kwamba kinga ni bora kuliko tiba? Maneno hayo yalibandikwa hata kwenye mlango wa choo. Tulikuwa na elimu ya kutosha. Kilichokosekana kilikuwa kitu kingine, na aliyeamua kukitafuta alikuwa Sista peke yake.

Alikuja kwetu siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, wakati ambapo vikaushio vimepamba moto na chumba kizima kinatoa jasho. Nilipomwona mlangoni na rejista kwapani, nikajiambia, haya, mahubiri yamefika. Nikajiandaa kujibu. Lakini Sista aliiweka rejista juu ya rafu, akanawa mikono, akaja kwenye meza, akashika pembe mbili za shuka lililokuwa mikononi mwangu. Akasema, "Haya, mkuu, vuta upande wako."

Kwa wasiojua kazi yetu, niwaeleze. Shuka kubwa la wodi hukunjwa na watu wawili. Mnasimama mkitazamana, mnavuta, mnalinyosha, kisha mnasogeleana mpaka mikono ikutane, halafu mnarudi nyuma, mnasogeleana tena. Huwezi kukunja shuka na mtu huku ukimkwepa macho. Siku ile tulikunja mashuka arobaini, na hakutaja chanjo. Aliuliza habari za watoto. Aliuliza kwa nini feni moja haifanyi kazi. Akaondoka.

Alhamisi akarudi. Ijumaa, Mama Pacha, anayesimamia mashine kubwa, hakuvumilia tena. Akamwuliza, "Sista, wewe umetumwa utupeleleze?"

"Nimejituma," Sista akasema. "Nataka kujua kwa nini hamji kliniki. Sitaandika jina la mtu."

Halafu Mama Pacha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi bado nanyonyesha. Watu wanasema maziwa yanaharibika."

Sista hakucheka. Hakusema, "Mambo gani hayo?" Aliacha shuka, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamweleza taratibu kwamba chanjo ile haimdhuru mama anayenyonyesha wala mtoto wake, na akamwuliza kama ana swali lingine. Alikuwa nalo. Alikuwa nayo matano! Kisha mwenzetu wa pasi, jitu la miraba minne mnalolifahamu wote, akakiri kwamba anaogopa sindano. Sista akamwambia, "Mficha uchi hazai, kaka. Umefanya vizuri kusema. Wewe utachanjwa umelala, na mlango utafungwa." Mwingine akasema kliniki ya watumishi inafunguliwa saa tatu mpaka saa tano, na saa hizo sisi hatuwezi kuziacha mashine. Kumbe! Miezi miwili tuliitwa wakaidi, na wengine wetu walikosa nafasi tu.

Akanigeukia mimi. "Na wewe, mkuu?"

Nilikwenda kabatini nikatoa kopo la maziwa ya unga, nikalifungua, nikamwonyesha. Ndani mlikuwa na sindano, sindano zilizokwisha kutumika, tulizozikuta ndani ya mashuka kutoka wodini. Nilianza kuziweka tangu mwezi wa kwanza, na lilipojaa kopo zilikuwa arobaini na tatu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwetu sisi kilikuwa mashukani. Nilimwambia, "Sista, mara tatu nimekwenda juu kusema. Mara tatu nimeambiwa nazidisha chumvi. Leo hao hao wananiita nikachanjwe, eti wananijali?"

Sista alilifunga kopo lile, akaliweka kwapani pamoja na rejista. Akaniambia, "Naomba uniazime hili. Na Jumatatu uje nami."

Daktari Mkuu, uliniruhusu niyaseme haya, nami nitayasema kwa adabu. Jumatatu ile niliingia kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa mikutano wa wakuu wa idara. Nilivaa shati nililolipiga pasi mwenyewe mara mbili. Sista alisubiri mpaka wote walipoketi, akaliweka kopo katikati ya meza, akalifungua, akasema, "Hizi zimetoka wodini kwetu. Zimepitia mikononi mwa watu ambao tangazo letu halikuwataja." Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo linanisisimua: "Sisi tulioko hapa, nani amemaliza chanjo zote tatu? Nyoosheni mikono."

Watu kumi na wanne, mikono mitatu. Daktari Mkuu, mkono wako haukuwemo. Uliinama, ukasema, "Mimi nilichanjwa moja, nikasahau." Daktari wa upasuaji, Mungu amzidishie ukweli wake, akasema, "Mimi sijaanza." Nami nikadhani Sista sasa atawaka. Badala yake alisema, "Mimi nilichelewa miaka sita. Nikiwachanja wengine kila siku, mwenyewe sijachanjwa."

"Kwa nini?" Matroni akamwuliza.

"Kwa sababu nilijua kila kitu," akasema. "Mtu anayejua kila kitu haendi kliniki. Rafiki yangu niliyesoma naye uuguzi alijua kila kitu vilevile. Alijichoma sindano wodini, akanyamaza, na ini likamwua akiwa na miaka thelathini na minane. Siku tuliyomzika ndipo nilipokwenda kuchanjwa."

Ndugu wageni waalikwa, kabla mkutano haujaisha, mambo manne yaliamuliwa. Nayakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyeulizwa maoni, mimi! Kila wodi iwe na masanduku magumu ya sindano zilizotumika karibu na vitanda. Tangazo liandikwe upya, watu watajwe kwa kazi zao, wafuaji, wapishi, wafagiaji, walinzi, na neno la hatua lifutwe. Kliniki ya watumishi ifunguliwe pia saa za kupokezana zamu. Na siku ya kwanza, Sista ashuke na kisanduku chake cha baridi mpaka chumba cha kufulia. Alishuka kweli. Daktari Mkuu alikunja mkono wa shati mbele yetu, akifuatiwa na daktari wa upasuaji, kisha Mama Pacha. Jitu la pasi lililazwa juu ya marobota ya mashuka safi na mlango ukafungwa kama lilivyoahidiwa. Lilizimia hata hivyo. Lilipozinduka likauliza, "Tayari?" na kicheko kilichofuata kilisikika mpaka wodi ya wazazi.

Siku ile wenzangu wote kumi walichanjwa. Mimi sikuchanjwa.

Mnashangaa? Hata mke wangu, aliyeketi pale safu ya tatu, anashangaa mpaka leo. Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa nimesikilizwa. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya watu kwamba siendi, na neno likishatoka mbele ya watu, kulirudisha ni kazi kama kurudisha maji ya suuzo ndani ya bomba. Nikajitafutia hoja. Nikasema, sasa masanduku yapo, sindano hazitashuka tena. Nikasema, miaka kumi na minane sijachomwa, leo ndiyo nichomwe? Sista aliniuliza mara moja tu, akasikia jibu langu, akasema, "Sawa, mkuu. Mlango uko wazi." Basi.

Wiki tano baadaye, wenzangu walikuwa wamekwisha kupata chanjo ya pili. Jumanne asubuhi niliingiza mkono ndani ya gunia la mashuka ya wodi ya wanaume, nikahisi kitu kama mwiba. Nikautoa mkono. Glavu ilikuwa imetoboka, na kwenye kidole cha shahada palikuwa na tone la damu, dogo kama punje ya mtama.

Nisiwafiche. Nilisimama pale nikitazama lile tone, nikaogopa kama mtoto. Mama Pacha ndiye aliyenishika mkono akaupeleka bombani, maji na sabuni, huku akipiga kelele mtu amwite Sista. Alikuja mbio, na mnajua Sista si mtu wa kukimbia. Alinichukua damu, akanichoma sindano mbili siku hiyo hiyo, moja ya chanjo na nyingine ya kunisaidia haraka, akanieleza kwamba zinasaidia sana, lakini kwamba kwa kuwa hatukujua sindano ile ilitumika kwa nani, itabidi nipimwe tena na tena, mpaka miezi sita itimie.

Miezi sita! Nilifika nyumbani nikamweleza mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Wenzako wote walichanjwa, wewe ulikataa kwa sababu gani?"

Nikasema, "Kwenye tangazo la kwanza walituita wengineo."

Akasema, "Basi mwite huyo Wengineo aje akae na hofu badala yangu."

Nilianza kutenga kikombe changu na sahani yangu. Nilimkataza mjukuu asinipande mapajani. Mke wangu akaenda kumwona Sista bila kuniambia, na kesho yake Sista akaja nyumbani, akaketi, akaomba maji ya kunywa, akayanywa kwa kikombe changu kile kile. Akaniambia, "Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe wala kwa kumpakata mtoto. Mrudishie mjukuu babu yake." Mambo mengine yanayohusu mume na mke alitueleza pia, kwa ufasaha, na hayo sitayarudia hapa mbele ya Mgeni Rasmi.

Jambo ninalotaka mlibebe, ndugu zangu, ni hili. Katika miezi ile sita, mwanamke huyu hakuniambia hata siku moja, "Nilikuambia." Angeweza. Alikuwa na haki. Kila niliponyoosha mkono apate damu, niliyasubiri maneno yale, na hayakuja. Siku ya kipimo cha mwisho alishuka ngazi mwenyewe na karatasi mkononi. Nilikuwa nakunja shuka. Alishika pembe zile mbili, akavuta, akasogea, mikono yetu ilipokutana akasema, "Uko salama." Nililia mbele ya wenzangu kumi na mashine nne. Kisha akaniambia nikunje mkono wa shati, chanjo ya tatu ilikuwa imefika siku yake.

Mwaka uliofuata surua iliingia katika mitaa inayotuzunguka. Watangazaji walipita na vipaza sauti, mabango yakatundikwa, na bado akina mama katika mtaa wangu hawakuleta watoto. Sista akaniomba niende naye. Nikamwuliza, "Nikaseme nini? Mimi si mtaalamu." Akasema, "Kaseme yaliyokupata."

Tulikuta akina mama bombani. Mmoja, fundi cherehani, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe ni daktari wa nini?"

"Mimi nafua mashuka ya hospitali."

"Afadhali," akasema, "maana madaktari wamefundishwa la kusema. Niambie wewe. Huko ndani, wenyewe wanachanjwa?"

Nikawaambia yote. Tangazo, kopo, jitu lililozimia, kidole changu, kikombe changu. Walicheka, wakauliza. Yale niliyoyajua niliwajibu. Yale nisiyoyajua niliwaambia sijui, nikamwonyesha Sista. Fundi cherehani akasema mtoto wake wa kwanza alipata homa baada ya chanjo, na muuguzi mmoja wa kituo kingine alimfokea alipouliza, ndiyo maana hakurudi tena. Sista akamwambia, "Nakuomba radhi kwa niaba yake. Homa ndogo hutokea, na ulistahili kuambiwa mapema." Yule mama akamwambia binti yake, "Kamlete mdogo wako." Kufikia alasiri mstari ulikuwa umezunguka bomba na kuufikia uzio wa shule.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, watu wenye elimu huja hapa na madodoso yao kutuuliza ni kitu gani kinachomsukuma mtu akubali chanjo, awe mhudumu wa afya au mwananchi wa kawaida. Mimi sina shahada, lakini naomba mchango wangu uandikwe. Mtu hakubali kwa kutishwa. Hakubali kwa kuelezwa tena lile alilokwisha kulisikia mara mia. Anakubali anapoona kwamba anayemwita anamjali pia siku ambazo hakuna chanjo. Anapomwona mkubwa wake akikunja mkono wa shati kwanza. Anapouliza swali la kijinga asionekane mjinga. Anapofikiria wale anaowapakata nyumbani. Na hata akikataa, akiachiwa mlango wazi, siku moja ataupita. Leo hii hospitali yetu ina watumishi mia tatu na kumi na wawili. Waliomaliza chanjo zote tatu ni mia tatu na tisa. Hao watatu, Sista ameniachia majina yao, na kesho asubuhi naanza kwenda kuwasaidia kazi. Msiulize ni akina nani.

Niruhusuni nimalizie na jambo la juzi, ambalo Sista hajui kama nililiona.

Muuguzi mpya atakayeshika nafasi yake alihamia kwetu Jumatatu. Hawakuwa wamekutana bado. Jumanne nilipeleka mashuka kliniki, nikamwona Sista kwenye benchi kati ya akina mama, amevaa nguo za nyumbani, amempakata kitukuu wa dada yake, mtoto wa wiki sita, ana namba kumi na saba mkononi kama watu wote. Zamu yake ilipofika akamwuliza muuguzi, "Mwanangu, chanjo hii ni ya nini?" Yule dada akamweleza. Akamwuliza, "Je, atapata homa?" Akamweleza. Akauliza la tatu, la nne, mengine ya ajabu kabisa, na nyuma yake mstari ulianza kunung'unika. Muuguzi aliweka kalamu chini, akamtazama usoni, akasema, "Mama, usiharakishwe na mtu. Uliza mpaka uridhike."

Nilimfuata Sista nje. Nikamwambia, "Sista, yote yale wewe huyajui?"

Akamfunika mtoto vizuri, akasema, "Nayajua. Nilitaka kujua watu wangu nawaacha na nani." Kisha akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwahi kuliona usoni pake kwa miaka yote ile, la mtu aliyetua mzigo mahali salama. "Sasa," akasema, "naweza kwenda nyumbani."

Sista, nenda nyumbani. Kwa niaba ya wafuaji, wapishi, wafagiaji, walinzi, wauguzi na madaktari, kwa niaba ya mke wangu na mjukuu wangu, tunakushukuru. Mungu akupe afya uliyoigawa. Nanyi nyote mliotega sikio mkamwacha mfua mashuka amalize maneno yake, nasema ahsanteni sana.